Alisema ni Vidonda vya Tumbo: Uchambuzi wa Kisa cha Mshtuko wa Moyo Mikononi mwa Wauguzi

Saa 4:12 usiku mama wa miaka 58 aliingia idara ya dharura kwa miguu yake, mkono mmoja ukiwa begani kwa binti yake. Nilikuwa meza ya mapokezi, kazi yangu ikiwa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Nilipomuuliza shida alijibu bila kusita: "Vidonda vya tumbo, mwanangu. Leo vimenikamata kweli." Alikuwa ameshika chembe ya moyo. Alikuwa ametapika mara mbili. Ana kisukari kwa miaka 9, na anatumia dawa za presha. Nikaandika "maumivu ya tumbo la juu", nikampa namba, nikamwonyesha benchi.

Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mama huyu. Dakika zenyewe sijazigusa, maana ndizo kisa chenyewe. Yaliyofuata usiku ule, hata pale moyo wake uliposimama, tuliyafanya vizuri kuliko hili la kwanza nililolifanya mimi mwenyewe mezani.

Dakika 14 kwenye benchi

Saa 4:26 nilipita pale benchi nikielekea stoo ya dawa. Usiku ulikuwa wa baridi na watu wote walikuwa wamejikunyata. Binti alikuwa anampepea mama yake kwa kadi ya kliniki. Nilisimama kwa sababu ya ile kadi. Nikamtazama mama usoni: jasho lilikuwa limetanda kwenye paji na juu ya mdomo, binti akalifuta kwa kiganja, na kabla hajashusha mkono likawa limerudi. Nilimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Mkono ulikuwa umepoa na umelowa, na mapigo yalikuja polepole, dhaifu.

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza saa 4:12: "Mama, maumivu haya yanaenda mahali pengine?" Akagusa taya la chini. "Huku panauma kama jino. Nilidhani ni jino."

Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi hapati yale maumivu ya kifua ambayo kila mtu anayajua, kwa sababu neva zinazobeba taarifa ya maumivu zimeshaathirika. Wanawake na wazee nao huja zaidi na kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu usioelezeka, maumivu ya mgongo au taya. Na upande wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hivyo ukikosa damu mgonjwa anasikia tumbo. Haya yote nilikuwa nayajua, nimeshayafundisha hata kwa wanafunzi. Lakini mgonjwa alikuja na jina la ugonjwa tayari mdomoni, nami nikaliandika jina lake badala ya kumtazama yeye. Lugha yetu yenyewe inapaita mahali pale chembe ya moyo. Mgonjwa akipashika pale, muuguzi ana sababu ya kufikiria moyo kwanza na tumbo baadaye.

Kosa la pili ni kwamba sikuchukua presha na mapigo yake mezani. Niliona ametembea, nikayaacha yachukuliwe akifika zamu yake ya kuonana na daktari. Laiti ningempima, namba zenyewe zingenizuia kumpeleka benchi.

Kipimo cha ECG na jasho

Lengo linalotumika kote ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aguse mlango. Sisi tuliipata dakika ya 19, saa 4:31, na tano kati ya hizo zililiwa na jasho. Stika hazikushika. Mwenzangu alizibandika, zikateleza, na mstari ukatoka umechafuka kiasi kwamba hukuweza kusoma chochote. Ilibidi tukaushe kifua kwa gozi, tusugue kidogo ngozi, tubandike upya.

Kuna jambo hapa ambalo halisemwi vya kutosha. ECG ya mwanamke huchelewa pia kwa sababu ya aibu, ya mgonjwa na ya mpimaji. Watu huogopa kumvua, wanaibandika V4, stika ya nne ya kifuani, juu ya titi badala ya chini yake, na picha inayotoka si ya kweli. Vuta pazia, mweleze unachofanya, inua titi kwa mgongo wa mkono, hesabu nafasi za mbavu kwa kidole: V1 na V2 nafasi ya nne, pembeni mwa kidari, V4 nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. Kazi hiyo haizidi dakika mbili ukiwa umeizoea, na maamuzi yote yanayofuata yanaisimamia.

Karatasi ilipotoka, kipande cha ST, sehemu ya mstari inayopanda msuli wa moyo ukikosa damu, kilikuwa kimepanda kwenye lidi (pembe ambazo mashine inautazama moyo) II, III na aVF, zinazotazama upande wa chini wa moyo. Kwenye III kilipanda milimita 4, zaidi ya II. Kwenye I na aVL kilikuwa kimeshuka. Mapigo 52 kwa dakika, presha 96/60, pumzi 22, oksijeni 95%, sukari 14.2. Sikusubiri majibu ya troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia. Kipimo hicho kinaweza kutoka safi kabisa katika saa za mwanzo, na karatasi kama ile haihitaji shahidi wa pili.

Simu ya daktari

Daktari wa zamu alikuwa wodi nyingine. Nilimpigia nikiwa nimeshika karatasi, nikasoma namba kama zilivyo, kisha nikasema ninachodhani: mshtuko wa moyo, upande wa chini. Akaagiza aspirini 300 mg atafune, nitrogliserini chini ya ulimi, mofini, na kwamba anakuja.

Aspirini ilikuwa tayari. Mama akaitafuna, akakunja uso, akaimeza. Nitrogliserini niliishika mkononi.

"Dokta, presha ni 96/60 na III imepanda kuliko II. Naomba nichukue lidi za kulia kwanza kabla sijampa nitro."

Kimya kidogo, kisha: "Sawa sista, chukua. Usimpe mpaka nifike."

Nilihamisha waya wa V4 kwenda upande wa kulia, mahali pale pale lakini kama kwenye kioo. V4R ikatoka imepanda zaidi ya milimita 1. Ventrikali ya kulia, chemba ya moyo inayosukuma damu mapafuni, nayo ilikuwa inakosa damu. Ndicho nilichokihofia nilipoona III imeizidi II.

Mishtuko ya upande wa chini inaigusa ventrikali ya kulia kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa. Ventrikali hiyo ikijeruhiwa haiwezi tena kusukuma kwa nguvu zake. Inategemea damu inayorudi kwa wingi kutoka mwilini iijaze na kuisogeza mbele kwenda mapafuni. Nitrogliserini hupanua mishipa ya vena, damu inabaki chini, chemba inakauka, na presha iliyokuwa 96 inaweza kuporomoka ndani ya dakika chache. Dawa iliyo sahihi kwa wagonjwa wengi wa moyo ingeweza kummaliza huyu. Mofini nayo hushusha presha, kwa hiyo iliwekwa pembeni kwanza. Alichohitaji ni maji: mililita 250 za saline kwa haraka, tukisikiliza mapafu kabla na baada. Presha ikapanda 104/66. Ndipo akapewa mofini miligramu 2, taratibu, kwa mshipa.

Nimewahi kusikia wenzetu wakisema kwamba muuguzi anayemzuia daktari kwenye simu anavuka mpaka. Mimi siamini hivyo hata kidogo. Daktari hakuwa na mgonjwa mbele yake, mimi nilikuwa naye. Nilimpa namba, sababu, na ombi moja lililo wazi, katika sentensi ambayo haikumvunjia heshima. Yeye naye alisikiliza, na hilo ni sehemu ya ustadi wake.

Tangu vitengo vya uangalizi wa wagonjwa wa moyo vinaanzishwa, suala lilikuwa hili hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walijenga kitengo ambacho muuguzi aliyefunzwa kusoma mdundo wa moyo aliruhusiwa kuushtua moyo uliosimama bila kumngoja daktari. Wakati huo lilikuwa jambo zito. Lakini anayekaa na mgonjwa usiku kucha ni muuguzi, na moyo ukisimama hakuna anayeweza kutoka wodi nyingine kwa wakati.

Oksijeni, sindano ya jioni, na orodha ya maswali

Binti aliniuliza mbona hatumwekei mama yake oksijeni. Mwenzangu naye alikuwa ameshaishika barakoa. Kwa miaka mingi tulimwekea kila mgonjwa wa moyo, na ndugu wakiiona wanatulia. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,600, ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye kiwango cha 90% au zaidi hapati faida yoyote. Mama alikuwa na 95%. Nikamwambia binti: "Hewa anayovuta inamtosha. Kilichoziba ni mshipa wa damu, na huo ndio tunaouandalia dawa." Akakaa.

Maabara ya kuzibua mishipa kwa katheta ilikuwa zaidi ya saa tatu kwa gari. Ikiwa mgonjwa hawezi kuzibuliwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, anapewa dawa ya kuyeyusha donge la damu, mradi hana kizuizi. Sisi tulikuwa na streptokinasi. Faida yake ilionekana wazi katika utafiti wa mwaka 1988 wa wagonjwa 17,187: streptokinasi peke yake ilipunguza vifo kwa takriban robo, aspirini peke yake karibu kiasi hicho hicho, na zote mbili pamoja kwa 42%. Kila ninapompa mgonjwa kidonge cha aspirini atafune naikumbuka namba hiyo. Kidonge kile ni sawa na nusu ya kazi.

Orodha ya vizuizi niliipitia mimi, daktari akiwa njiani, kwa sauti, nikimtazama machoni. Amewahi kupata kiharusi? Kuvuja damu kichwani? Uvimbe kwenye ubongo? Ameumia kichwa au kufanyiwa upasuaji hivi karibuni? Ametapika damu, au kupata choo cheusi? Hili la mwisho nililirudia mara tatu kwa maneno tofauti, kwa kuwa mtu anayeamini ana vidonda vya tumbo ni lazima umhakikishie hilo. Hakuwa amewahi kupimwa vidonda. Alijitibu mwenyewe kwa dawa za kupunguza asidi, miezi miwili, kila akipanda ngazi. Kila akipanda ngazi! Nikaandika na hilo, maana maumivu yanayokuja mtu akijikaza hunyooshea kidole moyo. Je, amewahi kupewa streptokinasi? Hapana, alijibu. Niliuliza kwa sababu mwili ukishaizoea, dozi ya pili inaweza kukataliwa.

Nikauliza tena: "Leo umechomwa sindano yoyote?"

Binti ndiye aliyejibu. Maumivu yalianza saa 1:30 jioni, na mnamo saa 2:30 walikwenda mahali fulani akachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye nyonga. Haikumsaidia.

Sindano hiyo haikuwa kizuizi, lakini ingeweza kutuletea tatizo. Dawa za jamii ya diklofenaki hazimfai mgonjwa wa mshtuko wa moyo, na sindano ya msuli kwa mtu atakayeyeyushiwa damu iliyoganda huacha mahali pa kuvuja ndani kwa ndani. Tulipatafuta, tukapazungushia alama ya kalamu, tukapakandamiza, na tukaandika paangaliwe kila dakika 15. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumchoma sindano ya msuli wala kumtoboa mshipa wa ateri. Kanula mbili ziliwekwa mapema, zote mkono wa kushoto. Wa kulia tuliuacha, maana huko anakokwenda huenda wakapitisha katheta kwenye kifundo cha mkono huo.

Daktari alimweleza faida na hatari, ikiwemo ya kuvuja damu kwenye ubongo, takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Mama alisikiliza, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, nakufa?"

Nilivuta kiti nikakaa, tuwe sawa kwa macho. Nikamwambia: "Una ugonjwa mkubwa, mama. Dawa yake tunayo na tunaiweka sasa. Mimi sitoki hapa." Nilisema maneno hayo tu, maana ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Hofu huongeza kasi ya moyo na njaa yake ya oksijeni, kwa hiyo kumtuliza mgonjwa kwa ukweli ni tiba kama tiba nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Kutoka 4:56 hadi 6:26

Streptokinasi, uniti milioni 1.5 ndani ya mililita 100, ilianza saa 4:56 pamoja na klopidogreli 300 mg, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Dakika 44 tangu aingie mlangoni. Kipimo ambacho idara nyingi zimekitumia ni 30. Toa zile 14 za benchi, nasi tungekuwa ndani yake kamili.

Dawa hii hushusha presha, na kwa mwenye ventrikali ya kulia iliyojeruhiwa hilo ni jambo la kutarajia, si la kushtukia. Nilipima kila dakika 5. Saa 5:07 ikasoma 82/50. Tukapunguza kasi ya dripu, tukamnyanyua miguu, tukaongeza saline mililita 250. Saa 5:15 ikafika 102/64 na tukairudisha kasi. Hatukuizima, maana kila dakika dawa ikiwa imesimama ni dakika ya mshipa kuendelea kuziba.

Saa 5:21 alikuwa anamwambia binti yake mahali alipoacha funguo. Sentensi ikakatika katikati. Macho yakapanda juu. Kengele ya monita ililia baada ya hapo, si kabla.

Niliita, nikagusa shingo: hakuna mapigo. Kwenye skrini mstari ulikuwa unatetemeka ovyo, fibrilesheni ya ventrikali, moyo unaotikisika bila kusukuma damu. Defibrileta, mashine ya kuushtua moyo, ilikuwa pembeni ya kitanda tangu ile karatasi ya ECG itoke, na pedi zake zilikuwa zimeshabandikwa kifuani. Mwenzangu alianza kushindilia kifua huku mashine ikijaza chaji. "Wote mbali!" Nikatazama kichwani hadi miguuni, nikabonyeza joule 200. Mwenzangu akarudi kifuani papo hapo bila kusubiri kuona mstari umekuwaje, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, kasi ya 100 hadi 120. Dakika moja na nusu baadaye mama akaisukuma mikono ya mwenzangu.

Kati ya macho kupanda na shoti kupita hazikufika sekunde 60. Kila dakika inayopita bila shoti hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban 7 hadi 10%. Zile pedi zilizobandikwa mapema ndizo zilizotupa muda huo. Kila mgonjwa mwenye ST iliyopanda awe nazo kifuani kabla dawa haijaanza, hata kama anaongea na kutabasamu.

Saa 5:50 mdundo mwingine ulitokea: mpana, wa taratibu, 74 kwa dakika. Mwenzangu, ambaye mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, alishafungua droo ya amiodaroni, dawa ya kurekebisha mdundo wa moyo. Nilimwomba amtazame mama kwanza. Alikuwa macho, presha 110/70, na anasema taya limeacha kuuma. Huo ni mdundo wa ventrikali ambao mara nyingi hutokea pale damu inaporudi kwenye msuli uliokuwa na kiu. Unaachwa, huku unaangaliwa. Ukaondoka wenyewe baada ya dakika nne.

Saa 6:26, dakika 90 tangu dawa ianze, ECG ya pili ilionyesha ST ya lidi III imeshuka kutoka milimita 4 hadi 1. Kushuka kwa nusu au zaidi ni dalili kwamba mshipa umefunguka. Maumivu yalikuwa 2 kati ya 10 kutoka 8. Pale nyongani, ndani ya alama ya kalamu, palikuwa na michubuko ya samawati ambayo haikuvuka mstari.

Asubuhi, na yaliyobadilika

Alisafirishwa kulipopambazuka, akiwa na muuguzi, defibrileta, na karatasi moja niliyoandika saa kwa saa: maumivu 1:30, diklofenaki 2:30, mlango 4:12, ECG 4:31, streptokinasi 4:56, shoti 5:21. Niliandika juu kabisa kwa wino mwekundu: *ventrikali ya kulia imeguswa, asipewe nitro*. Huko walikuta ateri ya korona ya kulia imebana sana lakini damu inapita, wakaweka stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi.

Kwenye kikao cha idara nilisoma dakika zangu 14 mbele ya wote. Kulikuwa na aliyetaka kunitetea kwamba wagonjwa walikuwa wengi, na ni kweli walikuwa wengi. Lakini wingi ule haukunizuia kushika mkono wake saa 4:26, kwa hiyo usingenizuia saa 4:12.

Tulikubaliana kwamba mtu mzima mwenye maumivu yoyote kati ya taya na kitovu, au kukosa pumzi, au jasho la baridi, anapimwa ECG kabla hajaketi, na muuguzi wa mapokezi anaichukua bila kungoja agizo la daktari. Karatasi inatiwa saa na kuonyeshwa daktari mkononi, haiwekwi kwenye faili. II, III na aVF zikipanda, V4R inachukuliwa hapo hapo. Kwenye toroli ya ECG sasa kuna gozi kavu na wembe, vimefungwa pamoja na waya ili visiazimwe. Na fomu ya mapokezi ina mstari mpya mahali nilipoandika "maumivu ya tumbo la juu": *mgonjwa amesema nini*, na chini yake, kwa nafasi kubwa zaidi, *muuguzi ameona nini*.